Kipande cha Shamba Nilichokifagia

Sogea karibu, ndugu yangu, maana habari hii siwezi kuisimulia kwa kupaza sauti. Jumamosi iliyopita jirani yangu hapa mtaani Sokon I alikusanya mabua ya mahindi nyuma ya nyumba yake akayatia kiberiti. Moshi wa mabua haufanani na moshi mwingine. Mwanzoni una utamu kidogo, kama wa mahindi ya kuchoma, halafu unakauka na kukwaruza koo. Nilikuwa naanika nguo. Nikasimama na shati mkononi, kama mtoto aliyesikia jina lake likiitwa kwa ukali.

Nimechoma mabua mara moja tu maishani mwangu, nilipokuwa na miaka kumi. Kwa mabua yale nusura nimpotezee mama yangu shamba lake.

Nyumbani kwetu ni mlimani, juu ya Usa River, kwenye vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa. Huko juu kuna kivuli muda wote, na ukiamka asubuhi unasikia matone yakidondoka kutoka jani hadi jani hata kama mvua haikunyesha. Lakini mahindi na maharage hatukuyalima huko. Yalikuwa na shamba lao chini, ng'ambo ya barabara ya Moshi, mwendo wa saa nzima kwa miguu ya mtoto. Huko chini hakukuwa na kivuli. Kulikuwa na upepo, vumbi, na shamba letu lililopakana na la Baba Mdogo Elisaria, mdogo wake baba. Mpaka kati ya mashamba mawili ulikuwa mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo kwetu mtu haing'oi ovyo.

Baba alipokuwa hai, trekta lilikuja kila mwaka kabla ya masika. Nitakuambia ukweli, sisi watoto tulilipenda trekta kuliko Krismasi. Tulikimbia nyuma yake peku, udongo wa moto ukitumwagikia miguuni, korongo weupe wakitufuata kuokota wadudu. Likiondoka liliacha shamba limechanwa kama nywele za bibi harusi. Nilidhani hakuna kitu kizuri duniani kama shamba lililolimwa likalimika.

Baba akafariki. Mwaka uliofuata mama alilima kwa trekta kama kawaida. Mvua ya kwanza ikaja kwa hasira, na maji yakashuka shambani yakiwa mekundu na mazito kama uji wa ulezi, yakaenda zake korongoni. Mvua ilipokatika wiki mbili tu, mahindi yakanyauka. Watu wakasema ni mwaka mbaya. Mimi nilimwona mama amesimama ukingoni mwa korongo anatazama ule udongo wetu uliolala chini kama mtu anayetazama basi lililomwacha.

Halafu likatokea jambo dogo. Ilikuwa Januari, jua kali, majani ya kahawa yamelegea. Mama alikuwa kihambani anachimba shimo la kupandia chipukizi la mgomba. Akaacha jembe, akapiga magoti, akaniita.

"Aneth, hebu tia mkono humu."

Nikatia. Udongo ulikuwa mweusi, wa baridi, na ulishikamana mkononi kama ugali wa jana.

"Mvua ilinyesha lini mara ya mwisho?"

"Sijui, mama. Kabla ya Krismasi."

"Na nani amelima hapa kwa trekta?"

Nikacheka. Trekta lingepitaje kati ya migomba? Pale chini ya migomba tulimwaga majani makavu, magome, maganda na samadi ya ng'ombe, vikaoza vyenyewe. Tangu bibi yangu alipoolewa hapajaguswa na plau. Mama hakucheka. Alifukia chipukizi lake polepole, na jioni ile alipika makande akasahau kutia chumvi.

Mwaka huo huo, baada ya mavuno, alianza mambo yake. Kwetu mabua ni chakula cha ng'ombe. Yanakatwa na kupandishwa mlimani vichwani mwa wanawake, na yanayobaki huliwa na mifugo inayopita, kwa sababu shamba lililovunwa ni la kila mtu. Shamba lenye mabua mpaka Januari ni shamba lisilo na mwenyewe. Mama aliyaacha mabua yake yalale chini. Akazungushia shamba matawi ya miiba. Kati ya mistari alikuwa ameotesha ngwara, yale maharage meusi yenye ukingo mweupe, yakatambaa na kufunika ardhi yote. Ng'ombe wetu tukamlisha majani ya migomba na nyasi za kando ya mfereji, naye alikasirika, akawa akimwona mama anageuzia kichwa ukutani.

Halafu mama alichukua kamba, akaifunga mafundo kwa umbali ulio sawa, akaitandaza shambani, na kila palipoangukia fundo akachimba shimo. Hakugusa pengine popote. Ila shimo lenyewe lilikwenda chini sana. Kwenye kina cha kama shubiri moja jembe lilikuwa likigonga kitu kigumu na kutoa mlio wa "kong", kama limepiga sakafu. Mama alikuwa anakivunja kile kigumu kwa sururu, anashuka chini yake, anatia samadi, anarudishia udongo. Mashimo matano, kumi, anapumzika. Alifanya hivyo kuanzia Agosti hadi Februari, kila siku ambayo mwili ulimruhusu.

Watu walifurahi sana. Mama Happy, jirani yetu, alipita njiani na ndoo yake kichwani, akasimama.

"Mama Aneth! Naona shamba umelitandikia godoro. Litaamka saa ngapi?"

"Likishiba usingizi," mama akajibu bila kuinua kichwa.

"Haya. Ukilisikia linakoroma utuite."

Baba Mdogo Elisaria hakucheka. Alikuwa mtu mwema, mzee wa kanisa, mwenye mikono mikubwa na sauti ya kwaya. Alikuja nyumbani Jumapili moja baada ya ibada, akapewa chai, akainywa yote ndipo akasema.

"Shemeji, shamba halilimwi kwa kulionea huruma. Linalimwa."

"Na migomba yako, Baba Mdogo, unailima kwa trekta gani?"

"Mgomba ni mgomba. Hindi ni hindi."

"Lakini udongo ni udongo."

Akaweka kikombe chini. "Sikiliza. Ndugu wananiuliza kwa nini shamba la marehemu limekuwa pori. Nimewaambia wasubiri msimu mmoja. Masika haya. Ukivuna kitu cha kueleweka, sina neno. Ukishindwa, mwakani trekta likija kwangu litaunganisha mpaka kwako, na magunia yako nitakuletea hapa hapa mlangoni. Utapumzika."

Maneno yale yalisikika kama zawadi. Alipoondoka nilimwambia mama, "Si vizuri? Utapumzika." Mama akanitazama.

"Trekta likiunganisha, mwanangu, linapita juu ya masale. Mwaka wa kwanza watu wanakumbuka mpaka ulikuwa wapi. Mwaka wa tatu nani atakumbuka?"

Basi nikajua, kwa kadiri mtoto wa miaka kumi anavyoweza kujua, kwamba shamba lingekwenda. Na nikajua, au nilidhani nimejua, kosa lilikuwa wapi. Lilikuwa kwenye ule uchafu.

Uelewe jinsi mtoto wa kike wa kwetu anavyolelewa. Kabla jua halijatoka, anafagia uwanja. Anafagia mpaka ardhi inabaki na mistari ya ufagio tu, hakuna hata jani. Mgeni akifika, anausoma uwanja kabla hajasalimia. Nami nilikuwa mfagiaji hodari, hata bibi alinisifu. Sasa kila Jumapili watoto wenzangu walinisuta, "Shamba lenu halijanyolewa! Shamba lenu limeamka na nywele!" Nikafikiri kwamba Baba Mdogo akishuka kukagua, akalikuta limefagiliwa vizuri, moyo wake utalainika.

Mama alinituma siku moja, mwisho wa Februari, nikatazame kama miiba ya uzio ipo. Nilibeba reki na kiberiti cha jikoni. Nikaanza upande wa mpakani, unaoonekana kutoka njiani. Nilivuta mabua, nikavuta ngwara iliyokauka, nikachana ardhi mpaka ikawa uchi na safi. Nilifanya kazi ile nikiimba. Nilipofika upana wa hatua kama kumi nikachoka, nikatazama nyuma, nikajisikia fahari. Kile kipande kilikuwa kama uwanja wa kanisa. Na kwa kuwa takataka huchomwa, nikalitia kiberiti lile rundo nililolikusanya kando ya masale.

Mabua ya Februari hayaungui, yanalipuka. Upepo ulikuja kutoka Kilimanjaro, ukainua moto, ukaulaza upande wa shamba lililobaki, lile godoro lote la mama, miezi yake yote. Nilivunja tawi bichi nikapiga. Nilipiga nikilia, nikipiga miguu yangu mwenyewe. Kilichozuia moto ule, ukitaka kujua, ni kile kipande nilichokifagia, maana moto ulifika kwenye ardhi tupu ukakosa cha kula, na cheche chache zilizoruka nikaziua. Kisha nikakaa chini palepale kwenye majivu.

Nilirudi nyumbani nina majivu kwenye pindo la gauni. Mama alikuwa anamenya ndizi za mtori. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Nenda kaoge," akasema.

Nikaenda kuoga. Naye hakuuliza.

Masika yakafika. Tulipanda kwenye mashimo yote, hata yale ya kwenye kipande changu. Mama hakukitaja. Ng'ambo ya masale, Baba Mdogo alikuwa amelima kwa trekta na kupanda kwa mistari iliyonyooka kama mistari ya daftari. Mahindi yake yakaota kwanza. Yakawa ya kijani kibichi, yakapanda haraka, watu wakasimama njiani kuyasifu. Ya kwetu yalichungulia katikati ya mabua kwa woga, mengine ya njano njano, kama watoto waliotoka kuumwa. Baba Mdogo alipita, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Huruma ile iliniuma kuliko masimango ya Mama Happy.

Nitakueleza hapa nilichokuja kukielewa ukubwani, ili usimcheke Baba Mdogo. Udongo uliotoka kugeuzwa na plau huwa na joto na hewa, na chakula kilichofichika ndani yake hufunguka kwa haraka. Mche mdogo unafurahi. Udongo uliofunikwa ni wa baridi, na mabua yanayooza nayo yanataka sehemu ya kile chakula, kwa hiyo mche unasubiri zamu yake. Anayelihukumu shamba katika wiki ya tatu atampa ushindi aliyelima kwa trekta, na kwa siku ile atakuwa amesema kweli.

Kisha mvua ikakatika. Ilikatika wakati mbaya kabisa, mahindi yanajiandaa kutoa ndevu. Mlima Meru, ambao katika majira yale hufunikwa blanketi la wingu, ukaanza kuonekana mzima mchana kutwa. Wazungu walifurahi kupiga picha. Sisi tuliuangalia kama unavyoangalia chungu kitupu. Wiki moja, ya pili, ya tatu. Kanisani tukaomba mvua.

Siku moja mama alinituma tena shambani. Niliona kwanza shamba la Baba Mdogo. Majani yalikuwa yamejikunja yakawa membamba kama majani ya vitunguu, na chini yake ardhi ilikuwa na gamba, lile gamba ambalo matone ya mvua hulipigapiga juu ya udongo tupu mpaka liwe kama utando wa uji uliopoa. Nikavuka masale. Kwenye kipande changu ardhi ilikuwa imepasuka, ningeweza kuingiza vidole kwenye nyufa. Mahindi ya hapo yalikuwa marefu kuliko ya Baba Mdogo, lakini yamejikunja vilevile, yanapumua kwa shida.

Nikapiga hatua moja zaidi, mahali reki yangu ilipokuwa imeishia.

Sijui nikuelezeje. Hatua moja tu. Jua lile lile, upepo ule ule, mbegu za gunia lile lile. Na mahindi yalikuwa yamesimama majani wazi, ya kijani cha kiza, kama hayakupata habari. Nikapiga magoti. Nikainua mabua kama mtu anavyoinua pembe ya shuka kumtazama mtoto aliyelala, nikatia mkono. Kulikuwa na baridi. Saa saba mchana, mgongo wangu unaungua, na viganja vyangu vipo kwenye baridi ya mtungi. Nyungunyungu mmoja akajivuta polepole kukwepa mwanga. Kulikuwa na nyuzi nyeupe nyembamba kuliko nywele zimeunganisha bua lililooza na udongo, na vitundu vidogo vidogo vinavyoshuka chini gizani, na harufu, Mungu wangu, harufu ya kihambani kwetu. Ilikuwa imetembea saa nzima kutoka mlimani ikaja kukaa hapa kwenye vumbi. Nilihisi kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba ya watu bila kubisha hodi. Nikafunika taratibu. Nakumbuka nilinong'ona, "Samahani."

Siku ya tatu yake Baba Mdogo alikuja shambani, na mama akashuka kumpokea. Nilikuwa nyuma ya mama.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba." Hakunitazama. Alikuwa anatazama mahindi. "Shemeji, unamwagilia usiku?"

"Kwa maji ya wapi?"

"Ndicho ninachojiuliza."

"Nipe ruhusa ning'oe hindi lako moja," mama akasema. "Nami nitang'oa langu."

Alichimba kando ya hindi la Baba Mdogo kwa uangalifu, akalitoa na mizizi yake. Mizizi ilikuwa imeshuka shubiri moja, kisha yote ikakata kona na kutambaa pembeni, kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Mama akagonga chini kwa jembe. Kong.

"Umesikia? Kila mwaka plau linapita kina kile kile. Juu linatifua, chini linakandamiza. Miaka yote hii tumekuwa tunajenga sakafu."

Akaja kwetu, akachimba. Mizizi ya hindi letu ilikwenda chini, ikaendelea, mama akawa ameingiza mkono mpaka kiwikoni bado anaifuata. Baba Mdogo akachuchumaa. Alishika udongo, akaubana kiganjani, ukabaki donge. Akaunusa. Kisha macho yake yakafika kwenye kipande changu.

"Na hapa je? Mashimo ni yale yale, naona. Mbona panakufa?"

Nikajibanza nyuma ya mama. Mama hakugeuka.

"Hapo ni pa Aneth," akasema. "Alipafagia. Bila hapo tungesema ni mashimo tu yaliyofanya kazi. Kumbe shimo linafungua mlango, na matandazo haya ya mabua ndiyo yanazuia kilichoingia kisitoke."

Nikaanza kulia kwa sauti. Baba Mdogo akanitazama, akatazama masale. Alielewa, nadhani, kwamba nilipafagia kwa kumwogopa yeye. Akainuka, akapangusa magoti.

"Ile kamba yako yenye mafundo, shemeji."

"Ndiyo?"

"Ukimaliza nayo, niazime."

Hivyo tu. Habari ya trekta kuunganisha haikusikika tena, na masale yapo mpaka leo. Mavuno yetu hayakuwa miujiza. Yalikuwa mavuno ya kueleweka, katika mwaka ambao wengi walivuna mabua. Mama Happy alikuja kuomba mbegu za ngwara, akaniambia, "Mwambie mama yako godoro linauzwa wapi."

Kwa miaka mingi nilimkumbuka mama wa siku zile kama mtu mwenye uhakika. Aliyajua mambo, dunia ikamcheka, akawa sahihi. Mpaka nilipokuwa mama mwenyewe ndipo nilipomuuliza kwa nini hakunichapa.

Akacheka. Alisema aliona majivu kwenye pindo langu, na asubuhi yake alishuka peke yake akakiona kipande. Alikuwa ameshaanza kubeba mabua kutoka upande mwingine apafunike, halafu akayaweka chini.

"Nilikuwa naogopa kuliko wewe," akaniambia. "Yale mambo nilikuwa sijayaona kwa mtu yeyote kwenye mahindi. Nilikuwa nimeona chini ya mgomba tu. Nikasema, kama mabua haya hayana kazi, kipande cha mtoto kitaniambia, na mimi nitampa shemeji shamba kwa heshima. Nikapaacha. Kila usiku nilikuwa najuta."

Nimelitafakari neno lile mara nyingi. Nilichodhani ni uhakika kilikuwa swali, aliloliuliza ardhini kwa mikono yake, akiwa ameweka shamba lake rehani kwa jibu, na akawa na subira ya kulingojea msimu mzima bila kulichokonoa. Ardhi hujibu, ndugu yangu, ila haijibu kwa kupigiwa kelele.

Nawe unaweza kuuliza, hata kama una bustani ya mchicha tu nyuma ya nyumba. Tafuta kopo la bati, likate pande zote mbili libaki kama bomba. Lizamishe kina cha vidole viwili kwenye ardhi tupu, lijaze maji, na uhesabu taratibu mpaka yaishe. Kisha lihamishie mahali palipofunikwa majani makavu kwa msimu mzima, sogeza majani pembeni, lizamishe vilevile, lijaze maji, uhesabu tena. Palipofunikwa maji yatakwisha upesi zaidi, na hilo ndilo jibu la ardhi.